Vidonge vya Kumbukumbu Katika Msimu wa Mitihani

Ufikapo mwezi wa Oktoba nchi yetu huingia katika msimu ambao kila mzazi mwenye mtoto shuleni anaufahamu. Watahiniwa wa kidato cha nne huketi kwanza, wa darasa la saba hufuata mwezi wa Novemba, na wale wa kidato cha sita huendelea hadi Disemba. Polisi nao wana sehemu yao katika shughuli hiyo. Makontena yenye karatasi za Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, hulindwa katika vituo vyetu usiku na mchana, na alfajiri askari huzisindikiza karatasi hizo hadi zifike mikononi mwa wasimamizi.

Katika msimu huohuo kuna bidhaa nyingine inayosafiri kuelekea shuleni bila kusindikizwa na mtu. Huuzwa katika stendi za teksi, ndani ya mabasi ya safari ndefu, karibu na mageti ya mabweni, na siku hizi hata kwa kuagizana katika simu. Muuzaji huiita dawa ya akili, au dawa ya kumbukumbu, au kwa kifupi “ya kusomea”. Makala hii inakusudia kueleza bidhaa hiyo ni nini, hufanya kazi gani mwilini, sheria inasema nini juu yake, na kwa nini tunakuomba uje kwetu mapema pale inapomdhuru mtu.

Naomba nianze na usiku mmoja wa Novemba, miaka michache iliyopita. Dereva wa bodaboda alileta kituoni kijana aliyemkuta akitembea katikati ya barabara kuu bila viatu. Alidhani amekamata mwizi au mlevi. Kijana hakuwa na harufu ya pombe. Alikuwa akitetemeka, jasho likimtiririka, macho yamemtoka, na alikuwa akikariri kanuni za fizikia kwa sauti kana kwamba mwalimu amesimama mbele yake. Askari mwenzangu aliyemshika kiganja alisema mapigo ya moyo hayahesabiki. Tulimpakia katika gari la doria tukampeleka hospitalini. Mama yake alifika kabla ya mapambazuko, leso ameifunga kwa haraka, akaniuliza swali moja tu: “Afande, mwanangu amekula nini?”

Sikuwa na jibu. Daktari naye alikuwa ameniuliza swali hilohilo, kwa kuwa tiba ya aliyekunywa kitu cha kumchangamsha si tiba ya aliyekunywa kitu cha kumlaza, na kukosea kati ya hizo mbili ni hatari. Jibu lilikuwa bwenini. Wenzake walijua alichokula, na walikuwa nacho hata kile kikaratasi cha vidonge, lakini waliposikia kwamba polisi wamekuja walikitupa chooni. Tuliupata ukweli kesho yake alasiri, baada ya saa kumi na tano. Kijana alikuwa hajalala siku tatu. Alikuwa amenunua vidonge kwa mchuuzi, na juu ya vidonge akanywa chupa kadhaa za kinywaji cha kuongeza nguvu. Alipona, Mungu ni mwema. Karatasi mbili za mtihani hazikumngoja, ikambidi arudie mwaka uliofuata.

Tangu siku ile nimekuwa nikizifikiria zile saa kumi na tano kuliko hata vidonge vyenyewe. Nitazirudia mwishoni.

Sasa tuangalie kilichomo katika bidhaa hizi. Tamaa ya kununua akili haikuanzia kwetu. Amfetamini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1887 na mkemia wa Kiromania, Lazăr Edeleanu, ambaye hakuwa akitafuta dawa ya wanafunzi. Kwa muda wa karibu nusu karne haikupata kazi. Katika miaka ya 1930 ikaanza kuuzwa nchini Marekani kwa jina la Benzedrine, kwanza ya kuvuta puani kwa waliozibwa na mafua, kisha vidonge; na wanafunzi wa chuo kikuu cha Minnesota walioshirikishwa katika majaribio wakagundua kwamba inawafanya wakeshe. Habari ikaenea mabwenini kabla wanasayansi hawajamaliza kuandika ripoti zao. Katika Vita Vikuu vya Pili majeshi ya pande zote mbili yaliwapa askari wao dawa za jamii hiyo ili wasisinzie. Basi, msomaji, tangu mwanzo sifa ya dawa hii ilikuwa kumfanya mtu awe macho. Hakuna aliyeisifu kwa kumpa mtu maarifa ambayo hakuwa nayo.

Dawa ya pili katika ukoo huo ni methilifenidati, inayofahamika kwa jina la Ritalin. Iliundwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba ya Uswisi, na jina hilo alilitoa kwa mkewe, Marguerite, aliyeitwa Rita nyumbani. Hii ni dawa halali na yenye manufaa. Madaktari huwapa watoto na watu wazima ambao ubongo wao hauwezi kutulia juu ya jambo moja, nao hufuatilia uzito, usingizi na mapigo ya moyo ya mgonjwa. Mzazi ambaye mtoto wake ameandikiwa dawa hii na daktari asisome makala haya akaamua kumwachisha. Tunayemzungumzia hapa ni kijana mzima wa afya anayepewa kidonge cha mtu mwingine.

Ya tatu ni modafinili, iliyotoka Ufaransa, ambayo hutumika kutibu maradhi ya kusinzia ghafla mchana. Wauzaji huisifu kwamba haina madhara. Jambo hilo si kweli. Katika watu wachache huleta vipele vikali vya ngozi vinavyoweza kuhatarisha maisha, na tena hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Msichana wa chuo anayeimeza ili asome usiku huenda hajaambiwa hilo na mtu yeyote.

Je, dawa hizi humfanya mtu mwenye afya kuwa na akili zaidi? Mwezi wa Juni mwaka 2023 watafiti wa Melbourne na Cambridge walichapisha matokeo ya jaribio lililopima swali hilo kwa namna iliyo karibu na maisha. Fikiria mama anayemfungia mtoto sanduku la kwenda bweni. Sanduku lina kikomo cha uzito, na vitu ni vingi: sabuni, vitabu, sukari, viatu, blanketi, mchele wa kukaanga. Kila kitu kina uzito wake na thamani yake. Ni vipi avipange ili apate thamani kubwa kabisa bila kuvuka uzito? Washiriki 40, wote wazima wa afya, walipewa maswali ya aina hiyo siku mbalimbali, wakiwa wamemeza ama methilifenidati, ama amfetamini, ama modafinili, ama kidonge kisicho na dawa, bila kujua ni kipi.

Waliomeza dawa walijitahidi zaidi. Walitumia muda mrefu zaidi, wakaingiza na kutoa vitu mara nyingi zaidi. Lakini ubora wa kila hatua yao ulishuka; walihangaika bila mpango. Tena wale waliofanya vizuri walipokuwa hawana dawa ndio walioelekea kushuka zaidi walipoimeza. Kijana yule aliyekuwa akikariri kanuni barabarani alikuwa na bidii ya kutosha. Nimewahi kuona bidii kama ile kwa mtu anayetafuta ufunguo aliopoteza: anafungua droo ileile mara tano.

Hatari nyingine ni ya mwili. Vichangamshi hivi hupandisha shinikizo la damu, huongeza mbio za moyo na joto la mwili, huondoa hamu ya chakula, na mtu akikesha siku kadhaa huanza kuona adui mahali pasipo na adui. Hapo ndipo wazazi na walimu hudhani kijana amerogwa. Kwa kuwa baada ya kidonge kuisha huja uchovu na huzuni nzito, wengine humeza kingine ili kukimbia uchovu, na huo ndio mlango wa uraibu.

Aidha, hayo yote nimeyasema nikidhani kidonge ndicho hicho kilichotajwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya dawa kati ya kila kumi haina ubora unaotakiwa au ni bandia. Hicho ni kipimo cha soko zima la dawa. Kidonge kinachotolewa mfukoni mwa mchuuzi, kikiwa kimefungwa katika kipande cha gazeti, hakina jina, hakina namba ya toleo, hakina tarehe ya kuharibika. Kinaweza kuwa chaki, na kinaweza kuwa kitu kibaya kuliko alichokitaja.

Baada ya vidonge yapo majani. Mairungi yanafahamika katika miji yetu mingi, na wapo wanafunzi wanaoyatafuna wakisema yanawafungua akili. Kiini chake ni kemikali iitwayo kathinoni, ambayo kwa umbo na kwa kazi ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Kemikali hiyo huharibika upesi jani linaponyauka, na ndiyo sababu magari yanayobeba mairungi huendeshwa kwa mwendo ambao askari wa usalama barabarani wanaujua vyema. Mtafunaji huzungumza sana, hujiona mwerevu, na usingizi humkimbia. Asubuhi huwa mzito na mwenye hasira. Kuhusu anachokumbuka, waulizeni walimu wanaosahihisha.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu ni jambo jingine, wala sitaki kuviweka katika fungu moja na dawa za kulevya, maana hiyo itakuwa kumdanganya msomaji. Kahawa ya robusta ni mmea wa asili wa nchi hii. Katika Buganda wageni walikaribishwa kwa buni za kutafuna, na watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana buni moja. Kahawa ni halali, na kafeini iliyomo kwa hakika humwondolea mtu usingizi na kumsaidia kumakinika kwa muda. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku nzima, na si zaidi ya 200 kwa mara moja, bila wasiwasi. Kopo la kawaida la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na takribani miligramu 80. Kijana anayekunywa manne mfululizo amekwisha kuvuka kipimo cha mara moja cha mtu mzima, na huenda yeye ana miaka kumi na sita na tumbo tupu.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni muda. Mwili huchukua takribani saa tano kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia. Mtu aliyekunywa saa nne usiku, ifikapo saa tisa usiku bado ana nusu yake damuni, na usingizi anaoupata katika hali hiyo huwa mwepesi na wa kukatikakatika. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo nilikesha kwa kahawa usiku mzima, nikijivunia nidhamu yangu. Kulipokucha niliingia ukumbini, nikaandika jina langu na namba yangu ya jeshi, kisha nikakaa robo saa nikilitafuta jibu ambalo usiku ule nilikuwa nimelisoma mara sita. Nililikumbuka nikiwa nyumbani, baada ya kulala.

Si ajabu hata kidogo. Mwaka 1924 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach, waliwafundisha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya saa kadhaa za kulala au saa kadhaa za kukaa macho. Waliolala walikumbuka zaidi, na tofauti haikuwa ndogo. Wanafunzi wawili ni wachache mno, lakini tafiti nyingi zilizofuata katika miaka mia moja iliyopita zimelithibitisha jambo hilo na kulieleza. Tunapolala, ubongo huyarudia yale yaliyopokewa mchana na kuyahamishia mahali pa kudumu. Anayekesha ili asome ni kama mwenye duka anayepokea mizigo mchana kutwa na usiku akamfukuza mpangaji wa rafu. Mali ipo, lakini mteja akija haionekani.

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi kumi kila siku. Hapa sina budi kusema neno kwa walimu wakuu, nikiwa na heshima zote. Zipo shule za bweni ambazo kengele ya kuamka hulia saa kumi alfajiri na masomo ya usiku huisha saa nne. Hesabu ni rahisi: saa sita, ukitoa kuoga na kujifunga neti. Mtoto anayesinzia darasani katika shule kama hiyo hana ugonjwa wowote, na anapomfuata mchuuzi wa vidonge anakwenda kununua kile ambacho ratiba ya shule imemnyima. Polisi hatuna mamlaka juu ya kengele za shule. Lakini tukija kuzungumza na wanafunzi wenu juu ya dawa, tafadhali msituombe tuwalaumu watoto peke yao.

Kuhusu dawa zinazodaiwa kukuza kumbukumbu zenyewe, habari ni fupi. Pirasetamu ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1964 na Corneliu Giurgea, na ndiye aliyebuni mwaka 1972 jina la kitaalamu la jamii nzima ya dawa zinazodaiwa kuinua akili. Jina limeenea duniani kote, manufaa kwa mtu mwenye afya hayajathibitika. Majani ya mti wa ginko wa Uchina yalipimwa nchini Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba hayakuzuia maradhi ya kusahau. Huko huko Marekani, mwaka 2017, serikali iliwashtaki watengenezaji wa kidonge cha Prevagen, chenye protini inayofanana na ya kiwavi wa baharini, kwa kutangaza kwamba huimarisha kumbukumbu bila ushahidi. Kesi iliendelea hadi mwaka 2024, mahakama ikaamuru matangazo hayo yakome. Nayataja haya kwa ajili ya wazee wetu, kwa sababu wachuuzi wa mabasini hawawauzii vijana peke yao. Babu anayeanza kusahau majina ya wajukuu apelekwe kwa daktari. Kisukari, shinikizo la damu au upungufu wa damu huweza kuwa chanzo, na hayo yana tiba.

Virutubisho navyo vina mahali pake, kwa yule aliyepungukiwa. Ukosefu wa madini ya joto katika ujauzito na utotoni hudhoofisha ubongo kwa namna isiyorudishwa baadaye, na ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 chumvi ya kupikia nchini Uganda hutakiwa kuwa na madini hayo. Ukosefu wa madini ya chuma humfanya mtoto awe mchovu na asiyeweza kumakinika. Msichana aliyeanza hedhi yumo hatarini zaidi. Mtoto kama huyo akipimwa na kupewa tiba ya chuma, walimu huona tofauti. Lakini aliyekwisha kushiba madini hayo hapati akili ya ziada kwa kuyaongeza, kama vile tangi lililojaa halipati mwendo zaidi kwa kumiminiwa mafuta. Mukene, yaani dagaa wa Ziwa Viktoria, maharage, mayai na mboga za majani ndivyo vitu ambavyo ningependa kuviona vikiuzwa karibu na geti la shule.

Kuna njia moja ya kuongeza kumbukumbu ambayo ushahidi wake ni imara, na haigharimu hata shilingi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa chuo kikuu kimoja cha mjini St. Louis, waliwagawa wanafunzi makundi. Kundi moja lilisoma kifungu cha habari mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kujaribu kuandika yote linayoyakumbuka, mara tatu. Baada ya wiki moja waliosoma mara nne walikumbuka takribani asilimia 40. Waliosoma mara moja na kujipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. La kustaajabisha ni kwamba kabla ya kupimwa, wale wa kundi la kwanza ndio waliojiamini zaidi. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua, na kidonge hufanya vivyo hivyo. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone ulipokosea. Fanya hivyo leo, kesho kutwa, na wiki ijayo. Nimewaonyesha vijana wa mtaani kwangu, nao hulalamika kwamba ni kazi ngumu. Ni kweli.

Sasa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Sera na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyotungwa mwaka 1993, dawa za binadamu huuzwa na mtu mwenye leseni katika mahali palipopewa leseni. Duka la dawa la kawaida la mtaani linaruhusiwa kuuza dawa za daraja la chini zaidi la udhibiti tu. Dawa za daraja la juu hutolewa na mfamasia kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo uchuuzi wa dawa ndani ya basi au kwenye geti la shule ni kosa, hata kama kidonge chenyewe ni cha kutuliza kichwa.

Dawa za jamii ya amfetamini na methilifenidati zimo pia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 juu ya vitu vinavyoathiri akili. Nchini kwetu, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi wa Mei 2023, kwa sababu ya dosari ya akidi Bunge lilipoipitisha, na baadhi ya watu wakadhani kwamba mlango umefunguliwa. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka huohuo. Mairungi yamo ndani yake. Anayekwambia kwamba polisi hawana tena sheria ya kumkamatia anakumbuka habari ya zamani.

Narudi sasa kwenye saa kumi na tano. Wale vijana walitupa kile kikaratasi kwa sababu walituogopa, na sina haki ya kuwashangaa. Kwa miaka mingi askari ameingia bwenini akiwa na jambo moja tu, kupekua. Hata mama wa kijana aliniambia baadaye kwamba jirani alimshauri asiseme chochote mbele yetu, asije akamfunga mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe. Ndiyo maana katika kituo chetu tumekubaliana na walimu na viongozi wa mtaa juu ya utaratibu mmoja. Mtu aliyezidiwa na kidonge hupelekwa hospitalini kwanza. Maswali ya kwanza ni ya daktari: amekula nini, kiasi gani, lini, na pamoja na nini. Anayejibu maswali hayo husikilizwa kama shahidi aliyeokoa maisha, na jina lake halisomwi mbele ya gwaride la shule. Upelelezi huja baadaye, na humtafuta muuzaji.

Ukimkuta mtu katika hali kama ile ya kijana wetu, usimmwagie maziwa kinywani wala usimlazimishe kutapika. Usimfunge kamba. Mkalishe mahali penye hewa na kivuli, zungumza naye taratibu, mwondolee nguo nzito ikiwa mwili unachemka, na asiachwe peke yake. Akipoteza fahamu, mlaze kwa ubavu. Tafuteni kikaratasi, kopo, chupa, hata vipande vilivyobaki sakafuni, mkavibebe pamoja na mgonjwa. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112, bila malipo. Mtoto anayetaka kusema jambo asilothubutu kumwambia mzazi wala mwalimu anaweza kupiga 116, ambayo ni simu ya watoto ya Sauti.

Mzazi aliyeokota kidonge asichokifahamu katika sanduku la mwanawe, akilete kwa mfamasia mwenye leseni au kwetu, kikiwa katika kifungashio chake. Hatutamuuliza kwanza mwanawe ni nani. Tutamuuliza kimenunuliwa wapi, na kama muuzaji bado yupo pale.

Shule zinazopenda kuzungumza nasi kabla ya mitihani zijulishe dawati la mahusiano ya jamii katika kituo chao cha karibu, ikiwezekana kabla ya mwisho wa Septemba, kwa kuwa Oktoba ikishaingia askari wengi huwa wamepangiwa kulinda makontena. Tunapendelea kuja saa za alasiri. Alfajiri tumeshaona, wanafunzi wetu huwa wamelala na macho wazi.